Aliyetubu akue wapi: ibada kuu au jumuiya ya nyumbani?

Ubishi huu haukomi Mombasa, kuanzia Likoni hadi Mishomoroni. Wapo wanaodai kanisa la kwanza lilikuwa la nyumbani tu. Sivyo: Matendo 2:46 inasema waumini walikutana hekaluni kila siku na kumega mkate nyumba kwa nyumba.

Kwa upande wa toba, naipa jumuiya ushindi bila kusita. Yakobo 5:16 inatutaka tuungamiane dhambi na kuombeana, na hilo ni zito mbele ya umati. Sebuleni wanakujua kwa jina. Ukirudia ulevi, mtu atakubishia hodi kabla wiki haijaisha. Ila siri huvuja, na umbea wa mtaani unaumiza kweli. Aliyewahi kuanikwa hivyo, namshauri amwendee padri au mchungaji faraghani kwanza.

Mafundisho ni nguvu ya ibada kuu. Kuna aliyesomea Maandiko, na ubatizo na Meza ya Bwana vina utaratibu wake. Jumuiya ikikosa mwalimu thabiti hupotoka upesi. Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho kuwakemea kwa namna walivyokula chakula cha Bwana huku maskini wakibaki na njaa.

Gharama? Ibada kuu ni nauli ya matatu kwa familia nzima; jumuiya ni chai ya zamu.

Anayefanya shifti bandarini, au mgeni asiye na ndugu mjini, aanze na jumuiya ya jirani. Mwenye maswali mengi ya imani aanze na darasa la ubatizo kanisani.