Maziwa yenye haiko maziwa: alimentasio moja ya sentre-vil, hapa Lushi (Lubumbashi)

Jina ya duka naiacha, batu bengi ba Lushi banaijua. Iko safi, frigo zinafanya kazi hata umeme ikikata, batu ba ku kesi banasalimia vizuri. Kwa bei haiko ya mukini sana lakini bintu bya kupita tarehe sijaona, na hiyo peke yake hapa kwetu ni kitu.

Shida yangu iko ku rayon ya maziwa ya unga. Kuko mifuko ya bei ya juu na ingine ya bei ya chini, zote ziko na picha ya ngombe, majani kijani, mutoto anacheka, na banazipanga pamoja sawa vile ni ndugu. Geuza sasa mufuko ya bei ya chini usome herufi ndogo: maziwa yenye banatosha mafuta yake, kiisha banatia mafuta ya mimea, mara mingi ni mawese. Haiko sumu, mi mwenyewe sombe bila mawese sikulake, lakini mama mwenye analipa akijua ni maziwa kamili banamudanganya na ile ngombe. Na mutoto mwenye hayafikisha mwaka, hakuna ata moja kati ya ile mifuko inamufaa, ya bei ya juu ao ya chini, yeye ni ziwa ya mama ao ile maziwa ya pekee ya batoto bachanga.

Kanuni ya Codex, ile ya chakula ya dunia muzima, inasema bintu byenye biko ndani biandikwe kufuata uzito, cha mingi kinatangulia. Basi ile «juisi ya maembe» ya pale chini: maji, sukari, njo embe inakuya nyuma!! Ku biskuti banapima sukari kwa biskuti 2, nani anakulaka 2? Mi naangaliaka safu ya 100 g tu, pale hakuna mayele.

Chumvi njo inachanganya batu zaidi, juu bintu byenye binapitia mupaka ya Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini binaandika sodiamu kwa miligramu, bya Ulaya binaandika chumvi kwa gramu, sasa unaona 0,8 g huku na 800 mg kule unasema ni sawasawa. Zidisha sodiamu mara 2,5: ile 800 mg ni 2 g ya chumvi, na OMS (shirika ya afya ya dunia) inaomba mutu mukubwa asifikishe 5 g kwa siku. Tambi za haraka na kube ya supu, soma hapo mbele ya kutia ku kitunga. Ile herufi ya rangi, A mpaka E, ni Nutri-Score ya Ufaransa, ya 2017, inasaidia kulinganisha biskuti na biskuti, haiko daraja ya kalite sawa vile muuzishaji mumoja alinielezea na sura ya kujiamini kabisa.

Kiisha kuko sitika ya bei. Kopo muzima iko wazi, bao banaibandika juu ya tablo ya sukari na chumvi. Niliomba babandike ku kifuniko, kijana akasema «papa, muongee na patron». Patron hakuwako.

Nyota 3 juu ya 5. Yogurti ya pale iko muzuri.