Adapta ya waifai kwa Linux: uliza chipu kabla ya kutoa pesa

Mwezi uliopita laptopu yangu ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, iliamka bila mtandao, na ndiyo siku ya kukabidhi kazi ya mteja. Usiku kerneli mpya, yaani kiini cha Linux, ilikuwa imeingia, na draiva (programu inayoiendesha) ya adapta yangu ya waifai, niliyoijenga kwa jioni nzima, haikukubaliana nayo. Simu niliyochomeka kwa waya ili igawe intaneti ndiyo iliyoniokoa. Adapta yenyewe niliinunua Kariakoo, muuzaji akiniapia kuwa "inakubali mashine zote".

Kasi na antena sizigusi. Hizo boksi limeshazitangaza. Ila jina la juu ya boksi halikwambii chipu iliyo ndani! TL-WN722N ya TP-Link, toleo la kwanza, ina AR9271 ya Atheros, ambayo Linux inaijua yenyewe. Toleo la pili likaja na chipu ya Realtek, jina ni lilelile. Basi tafuta namba ya toleo kwenye kibandiko, uisome. Afadhali zaidi, nenda dukani na laptopu yako, chomeka, andika lsusb kwenye terminali, amri inayoorodhesha vifaa vya USB pamoja na namba zao. Ukiona 0e8d:7612, hiyo ni MT7612U ya MediaTek, nunua. Ukiona 0bda:8812, hiyo ni RTL8812AU ya Realtek. Kerneli za kabla ya 6.14 zinaitakia draiva ya kutafuta nje, na huko ndiko nilikoumia.

Ya kwanza kwangu ni ALFA AWUS036ACM, na ninaipendelea waziwazi. Ina MT7612U, na draiva yake imo kwenye kerneli tangu 4.19. Unachomeka, inashika. Ya pili ni AWUS036AXML ya ALFA haohao, kwa anayetaka Wi-Fi 6E (waifai inayotumia pia masafa ya 6 GHz), mradi kerneli yako iwe 5.18 au zaidi. Ya tatu, kama laptopu yako ina nafasi ya M.2, yaani sloti ya ndani ya kadi ya waifai, mwambie fundi aweke kadi ya Intel AX210. Asikupe AX211 kwa kuwa namba yake ni kubwa: hiyo inategemea prosesa za Intel zilizotengenezewa mfumo wake, na kwenye mashine ya AMD haifanyi kazi.

Vile vidogo vya bei ya chini, vya ukubwa wa ukucha: bila lsusb, acha.

Kinachoniuma ni maduka kukataa kufungua boksi kabla hujalipa, halafu ukishalifungua unaambiwa mali iliyofunguliwa hairudi. Sasa mnunuzi ataijulia wapi chipu?