Rauta iko poa, kijitabu chake ndo balaa

Nyota 3 kati ya 5. Mbili nilizokata hazihusiani na rauta yenyewe, ina wiki ya tatu hapa kwangu na haijanisumbua hata siku moja. Shida ni kile kijitabu cha maelekezo, aliyekiandika alikuwa anaongea na mafundi wenzake, sisi wengine tujijue.

Hatua ya 1 eti chomeka kebo kwenye WAN, yani tundu la kuingizia intaneti. Nyuma kuna matundu matano, manne yanafanana, moja la bluu, na herufi zake mpaka umulike na tochi. Si angesema tu chomeka kwenye lile la bluu?? Hatua ya 2, fungua 192.168.1.1. Basi, hakuna kingine. Mi nikaiandika kwenye kile kiboksi cha kutafutia cha Google, zikaja makala kibao nikaanza kuzisoma moja moja, kumbe ni anwani ya ukurasa wa mipangilio ya rauta, inatakiwa iandikwe juu kabisa pale panapokaa anwani ya tovuti na simu iwe imeshashika waifai ya rauta kwanza. Hilo la waifai limeandikwa kweli, ila kwenye hatua ya 4 😂

Kilichoniuma ni hatua ya 6. "Bonyeza reset sekunde 10." Nikatafuta pini nikabonyeza, mtu mtiifu. Nafungua ukurasa wa pili ndo nakutana na onyo kwamba ukifanya hivyo mipangilio yote inafutika. Yani onyo linakuja nimeshaharibu! Jina la waifai, paswedi, kila kitu nikaanza upya.

Na hakuna popote wanapokwambia ukimaliza hatua hii utaona nini. Taa ikiwa kijani endelea, ikiwa nyekundu kakague kebo, sentensi moja tu hiyo ingeniokolea jioni nzima. Walichopatia ni picha ya stika ya chini yenye paswedi, wameweka na mshale, hapo hupotei.

Mwishowe nimechukua karatasi nikaandika maelekezo yangu, mistari 7, nikampa mdogo wangu ambaye hajawahi kugusa rauta aifunge upya huku mi nimekaa pembeni kimya. Akakwama mstari wa 3, nilikuwa nimeandika "ingia" bila kusema aingie wapi. Nimesharekebisha.