Leonard Cohen, "Live in London": mtunzi akiziimba nyimbo zake mwenyewe

Leonard Cohen, mshairi na mwimbaji wa Kanada, nilimjua kupitia midomo ya wengine. "Hallelujah" niliusikia kwanza kwa Jeff Buckley, "Suzanne" kwa Nina Simone. Kwa hiyo niliponunua albamu yake "Live in London" nilikuwa na swali moja tu: mzee wa miaka 73, sauti imeshuka hadi kwenye besi ya chini kabisa, ana nini cha kuongeza kwenye nyimbo ambazo waimbaji wenye sauti nzuri kuliko yake walishaziimba?

Anacho kingi. Onyesho lilirekodiwa tarehe 17 Julai 2008 katika ukumbi wa O2, na albamu ikatoka 2009, kwa CD mbili na pia DVD. Cohen alikuwa amekaa miaka mingi bila kufanya ziara, na alirudi jukwaani baada ya akiba yake ya uzeeni kupotea. Uchungu wa jambo hilo husikii popote. Unasikia mtu anayelitamka kila neno kana kwamba amelitunga jana.

Ningekuwa na nafasi ya kukusikilizisha wimbo mmoja tu, ungekuwa "Who by Fire". Kabla Cohen hajafungua kinywa, Mhispania Javier Mas anapiga peke yake ala ya nyuzi iliyo ndugu wa udi, bila haraka, akiutafuta wimbo. Sikio lililolelewa na taarabu litaona ni taksim kabisa, ule utangulizi wa ala moja unaobuniwa papo hapo. Nimeurudia mwanzo huo mara nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye albamu.

Halafu "If It Be Your Will". Cohen anaghani beti za mwanzo, kisha anawaachia waitikiaji wake, ndugu Hattie na Charley Webb, waimbe wao, mmoja kwa kinubi, mwingine kwa gitaa. Hapo utaitaka DVD: kofia iko kifuani, mtunzi amesimama pembeni akisikiliza wimbo wake kama mgeni.

"Hallelujah" aliutoa 1984 kwenye albamu ambayo kampuni yake ilikataa kuitoa Marekani. Mwanamuziki John Cale aliuokoa kwa kuuimba upya 1991, Buckley akafuata 1994. Desemba 2008, miezi mitano baada ya onyesho hili, ulishika nafasi ya kwanza na ya pili kwenye chati ya nyimbo ya Uingereza kwa wakati mmoja, kwa sauti ya Alexandra Burke na ya Buckley. Bado nauchagua huu wa London. Buckley anauimba kwa maumivu ya kijana. Cohen anapiga magoti na kuomba.

Sikupenda saksafoni, inalainisha mno baadhi ya nyimbo. Na ni zaidi ya saa mbili, kwa hiyo isikilize usiku ukiwa huna shughuli.

Ukitaka kuendelea na waliomwimba wengine, anza na albamu "Famous Blue Raincoat" ya mwimbaji Jennifer Warnes. Humo utaukuta "First We Take Manhattan", ambao Warnes aliutoa kabla ya Cohen mwenyewe.