Pikapu mbili kwenye gitaa moja: JB na '59 za Seymour Duncan

Tathmini ya pikapu, yaani kile kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi za gitaa la umeme, isiyosema mwandishi wake hupigaje gitaa haimfai msomaji, kwa hiyo naanza na hilo. Mimi hupiga ridhimu zaidi kuliko solo. Amplifaya yangu huiweka pale ambapo sauti inaanza kukwaruza ninapozichapa nyuzi na kubaki safi ninapozigusa kwa upole, na kidole changu kidogo hakiondoki kwenye kidhibiti cha sauti cha gitaa. Gitaa lenyewe lina mwili wa mahogani na pikapu mbili za koili mbilimbili. Ile ya kiwandani iliyokaa upande wa daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa, ilitoa sauti nzito isiyo na makali, kana kwamba amplifaya imefunikwa blanketi. Nikahukumu kwamba linalokosekana ni nguvu, na hukumu hiyo ndiyo iliyonifanya ninunue pikapu mara mbili.

Ya kwanza ilikuwa JB ya kampuni ya Seymour Duncan, ambayo kwa miongo kadhaa imekuwa miongoni mwa pikapu za kubadilishia zinazofahamika sana kwa wapiga gitaa la umeme. Kilichonivutia, naona aibu kidogo kukiri, ni namba. Ukinzani wa umeme wa waya wake ni takriban kiloomu 16, ilhali pikapu nyingi za mtindo wa zamani ziko kwenye 7 au 8, nami nikasoma kama anayesoma nguvu za injini ya gari.

Kwa solo, sina la kuilaumu. Noti ya uzi wa pili juu ya shingo hutoka na ncha kali, hudumu, na hupenya katikati ya ngoma na besi bila kulazimika kuongeza sauti. Sauti zile za juu za kijifilimbi, zinazopatikana kwa kuugusa uzi kwa ukingo wa kidole gumba papo hapo unapoupiga, hujitokeza karibu zenyewe. Taabu ilianza kwenye ridhimu. Nilipopiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya nyuzi zote sita huku amplifaya ikikwaruza kidogo, uzi wa tatu na wa pili uligombania nafasi moja na nyuzi nene zikawa bonge. Nilipokipunguza kidhibiti hadi 6, mahali ambapo nimezoea sauti isafike, ilipungua tu bila kusafika.

Sababu yake si siri. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma unapotetema huivuruga nguvu ya sumaku, na mvurugo huo huzalisha volti ndogo ndani ya koili. Ukiongeza mizunguko ya waya, volti huongezeka, lakini koili hiyohiyo huanza kuzuia masafa ya juu, kwa hiyo trebo hupungua na sauti za kati husonga mbele. Pikapu yenye nguvu, kwa hiyo, si pikapu dhaifu iliyoongezwa sauti. Ina tabia nyingine kabisa, na huisukuma amplifaya ikwaruze mapema kuliko ulivyokusudia. Tena ukinzani hauipimi hata hiyo nguvu kwa uhakika, maana waya mwembamba zaidi una ukinzani mkubwa zaidi hata kama mizunguko ni ileile, na aina ya sumaku haionekani kabisa katika namba hiyo. Pikapu ya Super Distortion ya kampuni ya DiMarzio, iliyotoka mwaka 1972, ina ukinzani chini ya kiloomu 14, lakini kwa sumaku yake ya kauri haikubali kuitwa ndogo ya JB.

Miezi mitano baadaye nilinunua '59 ya kampuni hiyohiyo ya Seymour Duncan, ya upande uleule wa daraja. Hii inafuata pikapu za kampuni ya magitaa ya Gibson za mwishoni mwa miaka ya 1950, zile alizozibuni Seth Lover na kuziombea hataza mwaka 1955 ili kuuondoa mvumo wa umeme wa ukutani: koili mbili zenye sumaku zilizoelekezwa kinyume na waya uliounganishwa kinyume, hivi kwamba mvumo hujifuta na sauti ya nyuzi hujumlishwa. Sumaku yake ni alniko 5, aina ya aloi ya alumini, nikeli na kobalti, sawa na ya JB, na ukinzani wake ni takriban kiloomu 8, karibu nusu.

Dakika ya kwanza ilinivunja moyo. Sauti ilikuwa ndogo, na nilipolipiga solo nililolizoea nilijihisi nimenyang'anywa kitu. Nikaongeza amplifaya kidogo, nikapiga ile kodi ya nyuzi sita, na kila uzi ukasikika peke yake, hata ule wa tano ambao kwenye JB nilikuwa nimeusahau. Kidhibiti nikakishusha hadi 6 na sauti ikasafika kama maji yaliyotulia. Tofauti ya kuchapa na kugusa, ambayo JB huibana na kuifanya karibu sawa, ilirudi. Upungufu wake upo: besi ya '59 ni pana na inalegea ukikwaruza sana, kwa hiyo anayepiga muziki wa metali kwa kuzikaba nyuzi nene kwa kiganja ataiona haishiki, na uzi wa kwanza ukipigwa peke yake huwa mwembamba kuliko ninavyopenda.

Zote mbili hupatikana na waya wenye nyuzinyuzi nne za rangi, na hapa nilijipotezea jioni nzima. Kila mtengenezaji ana mpangilio wake wa rangi: kwa Seymour Duncan, nyeusi ndiyo inayopeleka sauti, nyeupe na nyekundu huunganishwa pamoja, na kijani huenda ardhini. Mimi nililehemu kwa kufuata mchoro wa kampuni nyingine, ambayo kwake nyekundu ndiyo inayopeleka sauti. Koili moja tu ikafanya kazi, sauti ikawa nyembamba yenye mvumo, nami nikaanza kumwandikia muuzaji barua ya malalamiko kabla sijautazama mchoro tena. Barua hiyo, nashukuru, haikutumwa.

Kabla ya kuihukumu pikapu yoyote, shika bisibisi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, yaani kijiti cha chuma cha shingoni kilicho karibu zaidi na pikapu, kisha pima nafasi kati ya uzi na pikapu. Mimi huanza na milimita 2.5 upande wa uzi mnene na 1.5 upande wa uzi mwembamba, halafu huzungusha skrubu robo mzunguko na kusikiliza. Kuishusha '59 upande wa besi kwa mzunguko mmoja kulipunguza nusu ya ulegevu niliousema. Na nina hakika kwamba pikapu ya kiwandani niliyoitupa kabatini ingestahili jaribio hilohilo, ambalo halina gharama yoyote.

Pima pia umbali kati ya uzi wa kwanza na wa sita hapo kwenye daraja. Magitaa yenye daraja pana yanahitaji toleo la JB linaloitwa TB-4, vinginevyo nyuzi za pembeni hazikai juu ya vichwa vya sumaku.

Kwa anayepiga solo kwa amplifaya ya wastani, au anayepiga katika kundi lenye magitaa mawili na anahitaji la kwake lisikike mbele, ningependekeza JB bila kusita. Kwa anayeishi kwenye kodi na kidhibiti cha sauti, '59. Anayetaka sauti ya kukwaruza nzito na iliyokauka kabisa asihangaike na yoyote kati ya hizi. Azitazame zinazotumia betri ya volti 9, kama EMG 81, ambazo hazinihusu.

JB yangu sikuiuza. Niliihamishia kwenye gitaa la pili, ambalo vidhibiti vyake ni vya kiloomu 250 badala ya 500, na thamani hiyo ndogo huimeza sehemu ya trebo. Ile ncha kali iliyokuwa ikinichosha masikio imelainika, na sasa ndilo gitaa ninalolichukua nikijua kwamba solo litakuwa langu.