Nani achunguze: kamati ya ndani au mchunguzi wa nje?

Mtumishi wa umma akituhumiwa, mkuu wa ofisi huwa na njia mbili: kuunda kamati ya ndani, au kuita mchunguzi asiyefungamana na ofisi hiyo.

Kamati ya ndani ni nyepesi. Wajumbe wanajua daftari la mahudhurio hukaa wapi, nani hushika funguo za stoo, na hati ya malipo hupita mezani kwa nani kabla ya kusainiwa. Kwa utoro au lugha chafu kwa wananchi, inatosha kabisa.

Tatizo huanza pale mtuhumiwa anapokuwa na cheo. Shahidi ni karani wa chini, na wanaomhoji ndio watakaojaza fomu yake ya tathmini mwisho wa mwaka. Atasema nini? Mara nyingi atasema "sikumbuki", na mimi simlaumu hata kidogo. Mchunguzi wa nje hugharimu zaidi na huchukua muda, maana lazima kwanza aielewe ofisi, lakini mbele yake karani huyo huthubutu kusema. Kwa rushwa, wizi wa fedha za umma au unyanyasaji wa kingono, sioni sababu ya kuchagua njia nyingine.

Kwa vyovyote vile, mtuhumiwa apewe tuhuma kwa maandishi na nafasi ya kujitetea, na anayechunguza asiwe ndiye anayetoa adhabu. Nyaraka nazo zifungiwe siku ile ile ya kwanza, kabla habari hazijavuja: mafaili, risiti, barua pepe, vyote vikabidhiwe kwa mtu asiyehusika.