Mafundi wa Kariakoo waliotutoa aibu ya logo

Shirika letu dogo huku Temeke lilikuwa na vipeperushi vya tangu 2011, logo ya mikono miwili imeshika dunia, na namba ya simu ya mtu aliyeshaacha kazi, tukawa tunaikata kwa kalamu kimoja kimoja kila tukienda mkutanoni, aibu tupu. Nikaenda kwa hawa mafundi wa dizaini na uchapaji Kariakoo, ghorofani, ngazi zenyewe giza.

Kilichonifurahisha, kijana hakukimbilia kompyuta, kaniuliza kwanza hivi vitu anasoma nani, mama wa sokoni au mfadhili? Sikuwa na jibu aisee. Akasema logo yenu mnayo ya JPEG tu, ukiikuza kwenye bango inatoka ukungu na viboksi, akaichora upya kwa vekta, yaani mchoro usioharibika hata ukiukuza, umebaki mkono mmoja, dunia imeenda zake. Maneno ya kipeperushi kayapunguza nusu, mwenyekiti alinuna kidogo maana salamu zake zilikatwa.

Sasa lawama. Kijani tulichokubaliana kwenye skrini kilitoka kama maji ya mchicha kwenye karatasi, kumbe faili lilikuwa RGB, rangi za skrini, na mashine inachapa CMYK, rangi za wino, si wangenionyesha sampuli kwanza jamani? Walirudia bure, ila "kesho asubuhi" yao ilikuwa siku nne. Ukienda, dai mafaili yote ya kuhariri kwenye flashi kabla hujamalizia hela. Mimi nitarudi tu, bado fulana.